EGEMEO LA KITAMBAA: Namna ya Kuzuia Mikunjo katika Nakshi ya Kubandika kwa Cherehani

Kila unapokaribia msimu wa Idi na harusi, cherehani katika nyumba nyingi za ndugu zetu walioko ugenini hutolewa mahali zilipohifadhiwa, zikapanguswa vumbi na kutiwa mafuta. Hapo ndipo huanza kazi za usiku: foronya za bi harusi, mapazia ya sebuleni, misala ya watoto, mabaibui ya mabinti na nguo za sikukuu za wadogo. Wapo kina mama wanaoshona kwa ajili ya nyumba zao tu, na wapo wanaopokea kazi za majirani, na kwa ujira huo wakalipa ada ya madrasa au wakampelekea mzee fedha za dawa zake huko nyumbani.

Miongoni mwa mapambo yanayopendwa ni nakshi ya kubandika, yaani kukata umbo la ua, jani, nyota au mwezi mwandamo katika kitambaa kimoja na kulishonea juu ya kitambaa kingine. Ni kazi inayopendeza macho, haihitaji vifaa vingi, na hutumia hata vile vipande vidogo vinavyobaki baada ya kukata nguo. Lakini pia ni kazi inayovunja mioyo ya wengi. Ua limekatwa vizuri, uzi ni wa rangi inayowafiki, mshono umejaa barabara. Ila nguo ikitolewa chini ya sindano, kitambaa kilicholizunguka ua kimejikusanya na kukunjamana mithili ya jani lililokaushwa juani. Pasi hupigwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu; mikunjo hulala kidogo kisha huinuka tena. Na ikiwa kitambaa ni cha mtu, pengine kimeletwa kutoka Unguja au Mombasa wala hakipatikani katika mji mnaoishi, basi hasara si ya fedha peke yake. Mwenye kitambaa hatarudi tena, na jirani yake naye hatakuja.

Aghalabu mshonaji huulaumu mkono wake, au huilaumu cherehani yake na kutamani mpya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa tatizo, mara nyingi, haliko huko. Tatizo ni kuiacha sindano ipite juu ya kitambaa kisicho na cha kukitegemeza. Mikunjo ya nakshi huzuiwa kabla ya pigo la kwanza la sindano. Haiondolewi kwa pasi baada ya pigo la mwisho.

KAZI YENYEWE NI KONGWE

Isidhaniwe kuwa nakshi hii ni mtindo wa jana. Mjini Cairo, kusini kidogo ya lango la kale la Bab Zuwayla, liko soko lililofunikwa kwa paa, lililojengwa katika karne ya 17, ambamo mafundi wa Khayamiya, maana yake washona mahema, hukaa na kushona vipande vya pamba vya rangi mbalimbali juu ya vitambaa vikubwa. Kazi za mafundi hao zimepamba mahema ya harusi, ya matanga na ya mikusanyiko ya Ramadhani. Huko Marekani nako, Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia mwaka 1837, alitengeneza mablanketi ya vipande vya nguo yaliyosimulia visa kwa maumbo ya kubandika, akitumia mkono na cherehani pamoja. Mawili kati ya hayo yamehifadhiwa hadi leo, moja katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington na jingine katika Museum of Fine Arts mjini Boston.

Katika kazi ya mafundi wa Cairo limo funzo linalotuhusu moja kwa moja. Wao hushona kwa mkono, tena nyuma ya kazi yao huweka turubai nzito. Turubai hiyo haikunjiki ovyo, na vyote vinavyoshonewa juu yake hubaki vimetandazika. Sisi tunaoshona kwa cherehani juu ya melimeli, shifoni au krepu hatuna turubai hiyo. Kwa hiyo hatuna budi kukipa kitambaa chetu nguvu ya kuazima. Nguvu hiyo ndiyo tutakayoiita egemeo katika makala haya. Katika maduka ya vifaa vya kushonea ya Uingereza na Marekani huuzwa kwa jina la stebilaiza.

KWA NINI KITAMBAA HUKUNJAMANA

Kitambaa kilichofumwa ni nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu na nyuzi za mshindo zinazokatiza. Baina ya nyuzi hizo mna nafasi ndogo ndogo, na kwa sababu ya nafasi hizo kitambaa huweza kuvutika na kusogea. Mshono wa kawaida wa kuungia nguo, wenye pigo la milimita 2.5, hukitoboa kitambaa mara 40 katika urefu wa sentimita 10. Zigizaga iliyosongamana, ambayo ndiyo hufunika ukingo wa kipande cha kubandika, husogea kiasi cha milimita 0.4 tu kwa kila pigo. Katika sentimita hizo hizo 10 sindano hupiga mara 250. Kitambaa kilichostahimili mapigo 40 bila taabu hakina sababu ya kustahimili mapigo 250 pasipo msaada.

Kila pigo la zigizaga huleta mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, uzi wa juu na uzi wa bobini hukazana, na kwa kuwa sindano huruka kulia na kushoto, hukivuta kitambaa kutoka pande zote mbili kuelekea katikati. Pili, uzi wenyewe hutaka mahali pa kukaa. Huzisukuma nyuzi za mtande na mshindo na kukifanya kitambaa kitanuke pale penye mshono huku pembeni kikibaki kilivyokuwa. Tatu, sindano inaposhuka hukisukuma kitambaa chepesi ndani ya tundu la bamba la cherehani, na pengine cherehani hukimeza kabisa. Ongeza juu ya hayo kwamba ua na jani huwa na mizunguko, na mzunguko lazima ukatize hanamu ya kitambaa, mahali ambapo hata poplini iliyo imara hunyooka ikivutwa.

Egemeo linapowekwa nyuma ya kitambaa, ndilo linalobeba mvuto wa nyuzi. Kitambaa hubaki kimetulia.

AINA NNE ZA EGEMEO

Maegemeo yanayouzwa madukani ni mengi na majina yake yanatatanisha, lakini yote yanaweza kugawanywa katika aina nne. Kabla ya kuchagua, mshonaji ajiulize swali moja: je, kitambaa hiki kinahitaji kushikwa wakati wa kushona tu, au maisha yake yote?

Aina ya kwanza ni egemeo la kuchana. Hufanana na karatasi laini isiyo na mtande wala mshindo, na huwekwa chini ya kitambaa wakati wa kushona. Kazi ikimalizika huchanwa na kutupwa. Mojawapo ya yanayojulikana ni Stitch-n-Tear. Linafaa kwa vitambaa vilivyofumwa imara, mfano wa poplini, kitenge, merikani na jinzi, ambavyo vyahitaji msaada wa muda tu. Wakati wa kulichana, dole gumba likandamize mshono na mkono wa pili uchane taratibu ukielekea mbali na mshono. Anayelinyofoa kwa nguvu huvuta nyuzi na kuharibu alichokijenga. Matabaka mawili mepesi, yakichanwa moja moja, ni bora kuliko tabaka moja zito.

Aina ya pili ni egemeo la kudumu. Hili halichaniki, kazi ikiisha hupunguzwa kwa mkasi na kuachwa kiasi cha nusu sentimita hadi sentimita moja kuzunguka mshono, likabaki humo siku zote. Ndilo linalohitajika kwa fulana na nguo zote zinazonyooka. Sababu yake ni wazi: fulana itavutwa kila ikivaliwa na kila ikifuliwa, ilhali mshono wa nakshi haunyooki. Egemeo likiondolewa, mvutano huo huanza upya na ua hukunjamana hata kama siku ya kwanza lilikuwa safi. Kitambaa kinachonyooka huhitaji egemeo lisilonyooka, tena lisiloondoka.

Aina ya tatu ni egemeo la kuyeyuka majini, mfano wa Solvy. Ni utando mwembamba unaopitisha nuru, nao hutoweka nguo ikichovywa katika maji. Linafaa kwa melimeli, shifoni, neti na lesi, ambako egemeo lolote likibaki nyuma lingeonekana kwa mbele. Hutumika vilevile juu ya taulo na mahameli ili nyuzi zilizosimama zilale, zisichomoze katikati ya mshono. Utando huu una tabia zake. Hauwezi pasi ya mvuke wala mikono yenye maji. Katika unyevu wa Muscat au Dubai wakati wa joto hulegea na kunata, na katika nyumba za Ulaya na Amerika zinazotiwa moto majira ya baridi hukauka na kukatika. Popote unapoishi, uhifadhi katika mfuko wa plastiki uliofungwa barabara. Na kabla ya kuutumia, hakikisha kuwa kitambaa chenyewe chavumilia maji na hakichuji rangi.

Aina ya nne ni egemeo la kubandikwa kwa pasi, ambalo upande mmoja una chembechembe za gundi. Ni ndugu wa kile kitambaa kigumu ambacho mafundi hukitia ndani ya kola za mashati, lakini hili huwa jepesi zaidi. Vilene kwa Uingereza na Pellon kwa Marekani ni majina yanayopatikana kwa urahisi. Upande wa gundi, ambao ukiupapasa hukwaruza, huwekwa kwenye mgongo wa kitambaa na kupigwa pasi. Faida yake ni kwamba kitambaa hakiwezi kuteleza juu yake. Hasara yake ni kwamba hubadilisha namna nguo inavyomwagika mwilini. Kwa baibui, usikibandike kitambaa kizima. Kata egemeo la kutosha sehemu ya nakshi tu na kuzidi kidogo, na ukingo wake uukate kwa mawimbi badala ya mstari ulionyooka, kwa maana mstari ulionyooka huchora alama upande wa mbele.

GUNDI YA KUBANDIKIA SI EGEMEO

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Madukani huuzwa pia utando wa gundi uliobandikwa juu ya karatasi, kama vile Bondaweb au HeatnBond. Kazi yake ni kukishika kipande cha nakshi juu ya kitambaa ili kisiteleze wakati wa kushona, na kuzuia nyuzi za ukingo wake zisifumuke. Kazi hiyo huifanya vizuri mno, hata mshonaji akadhani kuwa amemaliza matayarisho yote. La hasha. Utando huo umekishika kipande. Kitambaa kinachokizunguka bado hakina wa kukishika, na humo ndimo mikunjo hutokea. Bondaweb juu na egemeo chini: hivi ni vitu viwili, na kimoja hakishiki nafasi ya kingine.

Katika kununua utando huu, soma pakiti kwa makini. Zipo aina zilizotengenezwa kwa ajili ya kubandika pasipo kushona, mfano wa HeatnBond Ultrahold, nazo gundi yake huiganda sindano na kukata uzi. Kwa kazi ya cherehani chukua ile nyepesi, iliyoandikwa Lite. Kumbuka pia kwamba umbo huchorwa juu ya karatasi hali limegeuzwa. Nyota haina tatizo, bali herufi za jina la mtoto zisipogeuzwa zitasomeka kinyume.

KWA ASIYEKUWA NA DUKA KARIBU

Wapo wasomaji wanaoishi katika miji ambayo haina duka la vifaa vya kushonea, na wapo ambao bei za vifaa hivyo ni mzigo kwao. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nyumbani mwetu mna maegemeo yaliyo mazuri.

La kwanza ni wanga. Wale waliowaona bibi zetu wakitia wanga kofia za viua na kanzu za Idi wanajua jinsi kitambaa laini kinavyoweza kusimama kama karatasi. Chukua vijiko 2 vya chakula vya wanga wa mahindi au wa muhogo, uvuruge katika maji baridi kidogo mpaka pasibaki madonge, kisha mimina katika nusu lita ya maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka uji uangaze. Chuja, uache upoe, ukipake au ukichovye kitambaa, kianike kikaribie kukauka, halafu piga pasi. Melimeli au hariri nyepesi ya pamba iliyotiwa wanga mara mbili hushoneka kwa urahisi wa kustaajabisha, na baada ya kufuliwa hurudi katika ulaini wake. Ila usiiweke kabatini nguo yenye wanga kwa muda mrefu, kwa kuwa mende na wadudu wengine huupenda.

La pili ni bafta au shuka kuukuu la pamba. Shuka lililofuliwa miaka mingi halirudi tena, ni laini mwilini, na likikatwa kwa kufuata mtande wake huwa egemeo la kudumu lisilogharimu chochote.

La tatu ni karatasi nyepesi isiyoandikwa, kwa kazi ndogo ndogo juu ya kitambaa imara. Gazeti halifai, kwani wino wake hupaka nguo. Na hata karatasi za jarida hili hazifai, kwa sababu wino wa fotokopi huyeyuka kwa joto la pasi na kuhamia kwenye kitambaa. Karatasi hufanya sindano iwe butu upesi; kazi ikimalizika, badilisha sindano.

HATUA KWA HATUA: KOROSHO JUU YA FORONYA

Tuchukue mfano wa umbo ambalo kila mvaaji wa khanga analifahamu, nalo ni korosho. Lina mzunguko wa nje ulio mpana, mzunguko wa ndani ulio mwembamba, na ncha kali iliyopinda. Anayeweza kushona korosho bila mikunjo ataweza umbo lolote. Kitambaa cha chini ni poplini nyeupe ya foronya, na korosho inakatwa katika kipande cha khanga.

1. Fua vitambaa vyote viwili kwanza. Khanga mpya huwa na wanga wa kiwandani na pengine huchuja rangi. Yaliyo ya kurudi yarudi sasa, si baada ya kushonwa. Pangusa khanga kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikipata rangi, ifue tena.

2. Chora korosho juu ya karatasi ya utando wa gundi, ikiwa imegeuzwa. Kata kwa nje ya mstari, bandika kwa pasi kwenye mgongo wa khanga, acha ipoe, kisha kata juu ya mstari wenyewe kwa mkasi mkali.

3. Ondoa karatasi, weka korosho mahali pake, na uibandike kwa pasi. Pasi iinuliwe na kushushwa, isiburutwe. Fuata muda ulioandikwa katika pakiti.

4. Kata egemeo la kuchana linalozidi korosho kwa sentimita 3 kila upande, uliweke chini ya poplini na kulishikiza kwa mshono mrefu wa mkono au kwa pini zilizo mbali na njia ya sindano. Egemeo lililokatwa sawasawa na ukubwa wa umbo halisaidii, kwa kuwa mikunjo huanzia nje ya umbo.

5. Tia sindano mpya, namba 75 au 80. Uzi wa juu uwe mwembamba na laini, na wa bobini usiwe mzito kuliko huo. Legeza kidogo mkazo wa uzi wa juu, ili uzi wa bobini usichungulie kwa mbele. Ikiwa unao mguu wa cherehani wenye mfereji kwa chini, huo ndio wake. Mshono uliojaa hupita ndani ya mfereji bila kukandamizwa.

6. Jaribu kwanza. Chukua mabaki ya poplini ile ile, khanga ile ile na egemeo lile lile, ushone sentimita 10 zenye mzunguko. Upana wa zigizaga uwe milimita 3 na urefu milimita 0.4. Kikikunjamana, ongeza tabaka la egemeo au legeza uzi. Ukiona bado, refusha pigo lifike milimita 0.5. Hatua hii huchukua dakika 5, na anayeiruka ndiye hulipa kitambaa cha watu.

7. Anza kushona upande ulio mrefu, si kwenye ncha. Pigo la kulia lianguke nje kidogo ya ukingo, katika poplini, na la kushoto lianguke ndani ya korosho. Mikono ielekeze kitambaa, isikivute. Meno ya cherehani yaachiwe kazi yao.

8. Katika mzunguko wa nje, simama sindano ikiwa imezama upande wa poplini, inua mguu, geuza kidogo, endelea. Katika mzunguko wa ndani, simama sindano ikiwa imezama ndani ya korosho. Ukigeuza kinyume cha hivyo, mapengo yataonekana kati ya mapigo. Ukifika kwenye ncha, punguza upana wa zigizaga kidogo kidogo, geuza, kisha uuongeze tena kwa utaratibu ule ule.

9. Vuta ncha za nyuzi nyuma na uzifunge. Chana egemeo kama ilivyoelezwa. Piga pasi kutoka upande wa nyuma, kazi ikiwa imelazwa juu ya taulo.

KILA KITAMBAA NA EGEMEO LAKE

Poplini, kitenge, khanga: egemeo la kuchana, au wanga mzito kwa umbo dogo.

Jinzi na turubai: egemeo jepesi la kuchana, sindano namba 90.

Fulana na nguo za kunyooka: egemeo la kudumu lililobandikwa au kushikizwa, sindano yenye ncha ya mviringo inayosukuma nyuzi badala ya kuzikata. Usiinyooshe fulana unapoitandaza.

Krepu ya baibui: egemeo jepesi la kubandikwa kwa pasi, la rangi nyeusi. Egemeo jeupe nyuma ya baibui jeusi huchungulia kupitia matundu ya sindano. Krepu nyingi ni za poliesta. Pasi iwe ya moto mdogo, na kitambaa cha pamba kiwe katikati.

Shifoni, melimeli, neti: egemeo la kuyeyuka, chini na ikibidi juu; sindano namba 70. Ikiwa kitambaa ni cha pamba, wanga unatosha mara nyingi.

Mahameli: egemeo la kudumu chini. Utando wa kuyeyuka juu utumike pale tu ambapo mahameli yenyewe yavumilia maji. Pasi isiguse uso wake kamwe. Manyoya yakilala hayainuki.

Taulo: egemeo la kuchana chini na utando wa kuyeyuka juu.

Nguo za watoto wachanga: egemeo lolote linalokifaa kitambaa, lakini kazi ikiisha funika mgongo wa nakshi kwa kipande laini cha kubandikwa. Mtoto hawezi kusema kinachomkwaruza; hulia tu.

MWENYE CHEREHANI YA MKONO

Si kila nyumba ina cherehani yenye zigizaga. Zile Singer nyeusi za kuzungushwa kwa mkono, ambazo mafundi wetu walizitumia barazani na ambazo bado zafanya kazi katika nyumba nyingi, hushona mstari mmoja tu. Hazikukosa nakshi hii. Kipande kikatwe kikiwa kimezidi kwa nusu sentimita, ukingo upakwe wanga na kukunjwa ndani kwa pasi juu ya umbo la karatasi ngumu, karatasi itolewe, kisha kipande kishonwe kwa mstari ulio milimita 1 au 2 kutoka ukingoni. Kwa kuwa mapigo ni machache, mvuto nao ni mdogo. Wanga katika kitambaa cha chini, au tabaka moja la bafta, latosha. Kazi hii ni ya polepole, na hudumu kuliko zote, kwani hauna ukingo uliokatwa unaoweza kufumuka.

AMANA YA KITAMBAA CHA WATU

Yatubakia maneno machache kwa wale wanaoshonea wengine. Kitambaa unacholetewa ni amana, na mara nyingi mwenyewe hajui kuwa alichokichagua hakiwezi nakshi anayoitaka. Kina mama wanaoshona kwa ujira wangefanya vyema kuwa na daftari la vipande vya majaribio: kila kipande kibandikwe katika ukurasa wake, na pembeni yake iandikwe aina ya kitambaa, egemeo, namba ya sindano, upana na urefu wa zigizaga. Ongeza kipande kingine kilichoshonwa bila egemeo, ili tofauti ionekane kwa macho. Mteja akifika, mwonyeshe kabla ya kukata. Akiona mwenyewe kuwa shifoni yake yahitaji utando wa kuyeyuka, hatashangaa ukiutaja katika bei. Na akikataa kuulipia, ni bora kumrudishia kitambaa chake kizima kuliko kumrudishia kilichoharibika na kuanza kubishana mlangoni.

Daftari hilo pia ni shule. Mabinti wetu wanaokulia huku wengi wao hawakumwona fundi akishona barazani, wala hawakukaa miguuni pa bibi wakiokota vipande. Mpe binti mabaki, mwache ashone korosho moja bila egemeo na nyingine yenye egemeo, kisha azilaze meza moja. Atakachokiona hapo hatakisahau, na siku akiletewa kitambaa cha bi harusi atajua la kufanya kabla ya kuwasha cherehani.

Tunawatakia kazi njema na sikukuu njema, inshaallah.